Kabati la Gemu za Magari Nyumbani: Anza na Siti, Mbao Zitafuata

Kabati langu la kwanza la gemu za magari, mfano wa mashine za kumbi za gemu, nililijenga kama mtu anayejenga kabati la vyombo. Nilikata mbavu mbili za plaiwudi kwa kufuata picha, nikaweka skrini juu, nikabana usukani kwenye ubao wa mbele, kisha nikavuta kiti cha plastiki cha sebuleni na kukaa. Kwenye kona ya kwanza nilipokanyaga breki, kiti kilirudi nyuma juu ya vigae kiasi cha shibiri nzima. Kona ya pili kikarudi tena, na mbio zilipoisha nilikuwa nimeegemea friji, miguu imenyooka, ncha za vidole tu ndizo zikigusa pedali. Kabati lenyewe lilikuwa zuri, lakini halikuchezeka.

Kabati la gemu za magari halifanani na lile la gemu za kupigana, ambalo mchezaji husimama mbele yake na kugusa vitufe kwa vidole. Hapa mguu unasukuma mbele, mgongo unasukuma nyuma, na mikono inavuta usukani ambao nao una mota inayovuta upande wake. Nguvu hizo zote zinatakiwa zimalizane ndani ya kitu kimoja kigumu kinachounganisha siti, pedali na usukani. Mbao zinazoonekana kwa nje ni vazi tu. Kwa hiyo maelezo haya yanaanzia kwenye siti na kwenda nje, na nakushauri usikate hata ubao mmoja kabla hujafika sehemu ya mbao.

Siti na vipimo vya mwili

Siti bora ni ya gari, na Dar es Salaam haina shida ya siti za magari. Ukienda kwa wauza spea zilizotumika Ilala au Gerezani utapata siti ya mbele ya IST, Vitz au Corolla ikiwa na reli zake, na reli ndizo unazozitaka zaidi, kwa sababu ndizo zitakazomwezesha mtoto wa miaka kumi na baba yake kutumia kabati moja bila ugomvi. Jaribu kuisogeza siti mbele na nyuma palepale dukani. Reli iliyoshika kutu hulainika kwa grisi, lakini iliyopinda haitanyooka. Angalia pia chini ya siti na ubavuni mwa egemeo: ukiona waya wenye kichwa cha rangi ya njano, hiyo ni alama ya mfumo wa mifuko ya hewa, na siti yenye mfuko wa hewa ndani yake uiache, utafute nyingine. Si kitu cha kupeleka sebuleni na kuanza kukichokonoa kwa bisibisi.

Siti ikishafika nyumbani, iweke juu ya matofali. Sisemi kwa mzaha. Tofali la sementi la inchi 6 likilazwa linakupa takriban sentimita 15, ukiongeza vipande vya mbao unaweza kupandisha na kushusha upendavyo. Pedali uziegemeze ukutani ili zisikimbie, na usukani uubane kwenye meza ya kupigia pasi, ambayo huongezwa na kupunguzwa urefu kwa mkono mmoja. Ukae humo robo saa, ucheze kabisa, usikae tu kujipimisha kama mtu anayejaribu viatu. Breki ikikanyagwa hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Mabega yakiwa yamegusa egemeo, kifundo cha mkono kiweze kulala juu ya ukingo wa juu wa usukani bila mgongo kunyanyuka. Mambo hayo mawili yakitimia, chukua futikamba na uandike namba nne: kutoka sakafuni hadi ukingo wa mbele wa siti, kutoka kwenye egemeo hadi pedali ya breki, kutoka sakafuni hadi katikati ya usukani, na kutoka sakafuni hadi kwenye macho yako. Mimi nina urefu wa sentimita 172, na namba zangu zilikuwa 30, 98, 68 na 104. Zako zitatofautiana, na hizo zako ndizo za kufuata.

Fremu ya chuma

Fremu nilichomelewa kwa skwea paipu ya milimita 40 kwa 40, yenye unene wa milimita 2. Paipu hizo huuzwa kwa urefu wa takriban mita 6, na mbili zinatosha kazi yote na kubakiza vipande. Fremu yenyewe ni rahisi: reli mbili za chini zenye urefu wa sentimita 150, vipande vinne vya kukatiza vya sentimita 56, ili upana wa nje uwe sentimita 64, nguzo mbili za kubeba usukani, na kipande kimoja cha juu kinachounganisha nguzo hizo. Mabaki yote yatumie kuweka mikingamo ya mshazari kutoka kwenye nguzo kwenda kwenye reli za chini, kwa sababu nguzo zilizosimama peke yake hutikisika hata kama zimechomelewa vizuri. Utalijua hilo siku ya kwanza usukani utakapoanza kupigana na mikono yako.

Mwombe fundi ashikize kwanza kwa nukta ndogo za moto kwenye kila kona, asimalize. Kisha pima ulalo wa mstatili wa chini kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Kwa vipimo hivi kila ulalo unatakiwa uwe karibu sentimita 163, na muhimu zaidi ni kwamba vyote viwili vilingane. Mafundi wengi wa mageti wana macho makali na watakuambia hakuna haja. Pima hivyo hivyo, kwa adabu. Fremu iliyokaa upande itakusumbua katika kila hatua inayofuata, maana mbao zitafuata upindaji wake.

Siti ya gari ina utata wake mdogo: sakafu ya gari haiko tambarare, kwa hiyo miguu ya reli mara nyingi haiko kwenye kimo kimoja mbele na nyuma. Usiilazimishe kwa kukaza boliti, kwani reli itapinda na siti itaacha kuteleza. Weka vipande vya chuma cha kona vilivyotobolewa kwa kimo kinachotakiwa, kisha funga kwa boliti za M8 au M10 zenye washa za springi. Pedali nazo zisimame kwenye kibao cha chuma au plaiwudi ya milimita 18 kilichofungwa kwenye fremu, kikiwa na matundu marefu ya kukisogeza, na nyuma yake pawe na kipande cha paipu cha kuzuia, kwa sababu boliti peke yake zitachoka kupokea teke la breki. Pedali za usukani wa kompyuta wa Logitech G29 zina mpira mgumu ndani ya breki, unaotaka mguu ukanyage kwa nguvu kweli, na hapo ndipo kiti changu cha plastiki kiliposhindwa.

Kabla ya kutoka kwa fundi, fremu ipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na anayeishi Kigamboni au Msasani hahitaji kuelezwa jinsi chuma kilichoachwa wazi kinavyogeuka kahawia kabla ya mwezi kuisha.

Usukani upi

Kwa mtu anayejenga mara ya kwanza, usukani wa kawaida wa kompyuta unatosha kuliko kuhangaika kutafuta usukani wa mashine ya kumbi za gemu. G29 huzunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu, na Thrustmaster T150 hufika nyuzi 1080. Zote mbili zinatambuliwa na kompyuta bila taabu. Ukinunua uliotumika, zungusha hadi mwisho wa pande zote mbili na usikilize kama kuna mkwaruzo wa gia, kisha kanyaga kila pedali polepole huku ukitazama mstari wake kwenye skrini. Mstari ukirukaruka, kifaa cha ndani kinachopima mkanyago kimejaa vumbi au kimechakaa.

Usitegemee vibano vya plastiki vinavyokuja na usukani. Vimetengenezwa kwa ajili ya kubana ukingo wa meza na kutolewa. Chini ya G29 kuna matundu mawili ya boliti za M6, na hayo ndiyo ya kutumia: toboa ubao wa dashibodi, pitisha boliti kutoka chini, na ubao wenyewe ukae moja kwa moja juu ya kipande cha chuma cha fremu.

Mbao

Sasa ndipo tunafika Keko, kwa maseremala. Fundi wangu wa huko ni mzee aliyezeeka akitengeneza makabati ya nguo na vitanda, na nilipompa mchoro aliuzungusha mara mbili mezani kabla ya kuuliza, “Mwanangu, hili kabati halina mlango wala droo, linawekwa nini?” Nikamjibu, “Linavalishwa chuma, mzee.” Akacheka, lakini jibu hilo lilimfaa, kwa sababu kuanzia hapo alipima kila kitu kutoka kwenye fremu niliyomletea, hakupima tena kutoka kwenye karatasi.

Chukua plaiwudi ya milimita 18. Bango moja lina milimita 1220 kwa 2440, na ukikubali kina cha sentimita 60 utapata mbavu zote mbili zikilala sambamba ndani ya bango moja, hata ukihesabu milimita zinazoliwa na msumeno. Kimo cha sentimita 150 kinatosha. Kipande kinachobaki, cha takriban sentimita 122 kwa 94, kinatoa rafu ya skrini, dashibodi na kifuniko cha juu. Mgongo wa kabati utengenezwe kwa plaiwudi nyembamba ya milimita 6 iliyofungwa kwa skrubu, maana utaufungua mara nyingi kuliko unavyodhani. Mbavu zikifungwa nje ya fremu ya sentimita 64, upana wote unakuwa sentimita 67.6, na hilo si jambo la bahati: pima mlango wako kabla ya kuongeza hata sentimita moja, ukikumbuka kwamba kwenye nyumba nyingi mlango wa grili ndio mwembamba kuliko wa mbao. Fremu iingie ndani peke yake, kabati liingie peke yake, vikutane sebuleni na kufungwa kwa boliti, fremu ikilivaa kabati kama kanzu.

Wapo watakaokushawishi utumie mbao za unga uliogandamizwa, zile za emudiefu, kwa kuwa ni laini na hupendeza zikipakwa rangi. Kwa nyumba yenye kiyoyozi sina neno. Kwa nyumba za kawaida za hapa, ambazo masika huleta unyevu hadi kwenye mashuka, ubao huo huvimba kingo na skrubu hulegea ndani yake. Marini bodi ni ngumu na inapatikana kila mahali, ila uso wake una utando unaoteleza, kwa hiyo usipoukwangua vizuri kwa msasa rangi itabanduka kama ganda la yai. Kingo za plaiwudi uzizibe kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na vumbi la mbao, upige msasa, ndipo upake rangi. Mbavu ziishie sentimita mbili juu ya sakafu, uzito ubebwe na miguu ya mpira ya fremu, ili maji ya kupigia deki yasinyonywe na mchwa wasipate daraja.

Skrini

Skrini ya inchi 27 ina upana wa takriban sentimita 60 na inaingia ndani ya kabati hili bila kubishana. Katikati yake ikae kwenye kimo cha macho au chini kidogo. Kwa vipimo vyangu ukingo wa chini wa skrini ulifika sentimita 83 kutoka sakafuni, karibu sawa na juu ya usukani, kwa hiyo mikono haizibi barabara. Umbali wa sentimita 70 kutoka machoni unakupa upeo wa nyuzi kama 46. Ukisogeza hadi sentimita 60 zinakuwa 53, na tofauti hiyo unaihisi mara moja, kasi inaonekana kubwa zaidi ingawa gari ni lile lile. Anayetaka inchi 32 akumbuke kwamba upana wake ni karibu sentimita 71 na haitaingia kati ya mbavu. Itabidi ikae mbele ya kabati. Ukitumia televisheni, tafuta kwenye mipangilio yake hali ya gemu na uiwashe, vinginevyo picha itachelewa na utajikuta ukikata kona ambayo gari limeshaipita.

Umeme

Mitambo yote hii, yaani kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika, skrini, usukani na spika, haifiki wati 200. Kwa lugha ya LUKU, uniti moja inakupa saa tano za kucheza au zaidi. Kilicho kigumu ni kukatika na kurudi kwa umeme kwa kishindo, kwa hiyo weka kifaa cha kulinda umeme kama kile cha friji, kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite, au chukua betri ya akiba ya kompyuta, ambayo inakupa muda wa kuzima kwa utaratibu.

Kila kitu kitoke kwenye ekstensheni moja iliyofungwa ndani ya kabati, na plagi yake ya pini tatu iwe na fyuzi ya ampea 5 badala ya 13. Fremu ya chuma iunganishwe na waya wa athi, kwa kichwa cha duara kilichofungwa kwa boliti mahali palipokwanguliwa rangi. Jambo hili usiliruke. Mtu atakaa ndani ya chuma hicho akiwa peku, miguu ina jasho, na waya uliochunwa ukigusa fremu isiyo na athi, yeye ndiye atakayekuwa njia ya umeme. Ukiwa huna uhakika na athi ya nyumba yako, fundi umeme aipime kabla hujawasha.

Joto nalo lipangiwe njia. Toboa matundu chini kwa nyuma, weka feni ya milimita 120 juu ikivuta hewa nje, na matundu yote yafunikwe kwa wavu wa mbu. Bila wavu huo mende watahamia humo wiki ya kwanza, kwani ndani pana giza, pana joto na hakuna anayewafagia.

Vitufe na programu

Vitufe vya kwenye dashibodi viwe vichache. Kimoja cha kuweka sarafu, kimoja cha kuanza, kimoja cha kutoka, na vinne vya kubadili mtazamo vikiwa vyekundu, bluu, njano na kijani, kama vilivyo kwenye Daytona USA ya Sega. Matundu ya milimita 28 au 30 hukatwa kwa msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili. Kila kitufe kina swichi yenye miguu: mguu wa pamoja wa vitufe vyote unafuatana kwa waya mmoja, na mguu wa pili wa kila kimoja unakwenda kwenye kibao kidogo cha USB kinachoifanya kompyuta ione vitufe kama kibodi au kontrola. Andika namba kwenye kila waya kwa karatasi ya gundi. Utajishukuru.

Programu inayojulikana zaidi ya kuchezesha gemu za zamani za kumbini kwenye kompyuta ni MAME, iliyoanza mwaka 1997 na ambayo ni ya bure. Gemu zenyewe ni suala jingine, kwa kuwa kampuni zilizozitengeneza bado zina haki juu yake, na hapa kwetu kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa hiyo tumia matoleo unayonunua kihalali. Kwa watoto, SuperTuxKart ni ya bure kabisa na inaelewana vizuri na usukani.

Kazi inayobaki ni kuutuliza usukani. Gemu za kumbini zilitengenezwa kwa usukani unaozunguka nyuzi 270 hivi, na ukiuacha wako kwenye 900 utazungusha mikono kama dereva wa lori la mchanga huku gari likigeuka polepole. Punguza hadi 270 kwenye programu ya usukani wenyewe. OutRun ya mwaka 1986, kazi ya Yu Suzuki wa Sega, itakaa sawa papo hapo, na gia yake ina nafasi mbili tu, ya chini na ya juu, kwa hiyo kitufe kimoja au mkono wa gia wa kawaida unatosha. Pole Position ya Namco, ya mwaka 1982, itakusumbua, kwa sababu usukani wake wa asili ulizunguka bila mwisho na mashine ilihesabu mzunguko tu, haikujua katikati iko wapi. Ndani ya MAME bonyeza Tab, nenda kwenye mipangilio ya usukani na upunguze wepesi wake kidogo kidogo, lakini usitegemee uwe kama wa asili.

Nguvu ya mota ya usukani anza nayo ikiwa nusu. Ukipandisha hadi mwisho siku ya kwanza, boliti ambazo bado hazijajikalia zitalegea na utasikia dashibodi ikigonga kila unapopanda ukingo wa barabara. Baada ya wiki mbili za kucheza, fungua mgongo wa kabati, kaza boliti zote upya kuanzia za siti, kisha piga mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Siku mstari huo ukionekana umekatika katikati, utajua nati ipi imeanza kutembea.